Mbwa mwoga anayeuma anahitaji nyumba ya namna gani?

Tuseme uko Kingerikiti, Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Jirani yako anahamia Mbinga mjini kwenye chumba cha kupanga, na mbwa wake hawezi kwenda naye. Tumwite Jeki. Ni mbwa wa kawaida wa kijijini, rangi ya kahawia, mwepesi wa mbio, hodari wa kufukuza ngedere kwenye mahindi. Shida yake ni moja: anauma. Na wala hajawahi kuuma mwizi. Amemuuma mtoto aliyemfuata uvunguni mwa ghala, na fundi aliyepita nyuma yake akiwa anakula. Mgeni akisogea, Jeki anafyata mkia na kurudi nyuma. Akigusa ukuta, anarusha meno.

Sasa kaa na watu uwaulize wafanye nini. Mmoja atasema apigwe marungu yaishe. Wa pili atasema akatupwe ng'ambo ya mto, huko atajijua. Wa tatu atasema apewe fulani, yule mbabe, huyo ndiye atamnyoosha.

Kwenye miji yenye vituo vya kutunza mbwa waliookolewa, kama KSPCA ya Nairobi au Mbwa wa Africa karibu na Arusha, mbwa kama Jeki angetafutiwa makazi mapya, na mara nyingi masharti huwa yaleyale: apewe mtu mwenye uzoefu. Kwa mtu wa Kingerikiti, kituo cha namna hiyo kiko mbali mno. Lakini swali ni lilelile kijijini na mjini: huo uzoefu ni nini hasa? Wengi wetu tunadhani ni ubabe. Utafiti wa tabia za mbwa unasema karibu kinyume chake. Twende taratibu, maana hapa kuna meno, kuna watoto, na kuna ugonjwa unaoua.

Kabla ya yote: je, ni kichaa cha mbwa?

Usianze kutafuta nyumba mpya kabla ya kujibu swali hili. Mbwa akiuma mtu, kazi ya kwanza ni kidonda. Kioshe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima. Siyo dakika mbili. Kisha aliyeumwa aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, lakini kabla ya hapo chanjo inakizuia. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba kichaa cha mbwa huenda kinaua watu wapatao 1,500 kwa mwaka hapa Tanzania. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15.

Halafu mbwa. Akikamatika bila hatari, afungiwe mahali salama, apewe chakula na maji, na aangaliwe kwa siku 10. Kwa nini 10? Virusi vya kichaa husafiri kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni, kisha vinashuka kwenye tezi za mate. Mbwa huanza kutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla ya dalili kuonekana, na dalili zikishaanza hadumu. Kwa hiyo mbwa aliyeuma leo, akawa mzima na mwenye afya baada ya siku 10, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma. Lakini aliyeumwa asikae kungoja siku hizo ziishe. Anaanza chanjo mara moja, na mganga ndiye atakayeamua kama kuna haja ya kuendelea baada ya mbwa kuthibitika mzima.

Ndiyo maana kumuua mbwa papo hapo na kumtupa korongoni ni kujinyima taarifa muhimu. Umepoteza njia rahisi kuliko zote ya kujua kama yule mtoto yuko hatarini.

Kuna tofauti ambayo jicho linaweza kuiona. Mbwa mwoga ana mtindo: anauma akifuatwa, akibanwa, akiguswa kwa ghafla, na akipewa njia anaondoka. Mbwa mwenye kichaa hubadilika ghafla, anaweza kutangatanga mbali na kwao, kuuma fimbo na mawe, kubweka kwa sauti iliyokauka, kushindwa kumeza, au kumvamia mtu aliyekuwa anapita zake tu. Hata hivyo jicho halitoshi, kwa sababu wengine wenye kichaa huwa wapole na wazito. Afisa mifugo aitwe, na zile siku 10 zikamilike.

Tuseme Jeki amemaliza siku zake, yuko salama na amechanjwa. Hapo ndipo hadithi ya hofu inaanza.

Hofu ina umbali wake

Heini Hediger, mtaalamu wa Uswisi aliyeongoza bustani kadhaa za wanyama, alieleza jambo ambalo mwindaji yeyote analijua hata kama hajalipa jina. Kila mnyama ana umbali ambao ukiuvuka, anakimbia. Ukiendelea kumfuata, na akawa hana pa kukimbilia, kuna umbali mwingine mfupi zaidi. Ukiuvuka huo, anageuka na kukushambulia. Mnyama ni yuleyule na hofu ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba umemfungia mlango.

Sasa mwangalie mbwa aliyefungwa mnyororo wa mita moja na nusu kwenye mwembe. Huyo hana tena umbali wa kukimbia. Amebakiwa na meno. Mbwa aliye uvunguni mwa ghala na mtoto amechutama mlangoni, yuko hivyohivyo. Watu watasema "ameuma bila sababu". Kwake sababu ilikuwa kubwa kuliko zote: njia imefungwa.

Na hapa kuna mtego. Jeki akirusha meno, mtu anaruka nyuma. Kwa akili ya mbwa hilo ni somo: nimeuma, kitu cha kutisha kimeondoka. Kesho atauma mapema zaidi, maana amejifunza kuwa inafanya kazi. Hajawa katili. Amefanya kile kile anachofanya mtoto wa shule anayegundua kuwa akilia anaruhusiwa kurudi nyumbani.

Lakini kabla ya meno, mbwa huwa amesema mengi. Anageuza uso pembeni. Analamba pua wakati hakuna chakula. Anapiga miayo wakati hana usingizi. Weupe wa jicho unaonekana. Mkia unaingia katikati ya miguu, mwili unainama, halafu anaganda kabisa kama kinyago. Kuganda huko ni onyo kubwa. Kisha ananguruma, kisha anauma hewa, mwisho ndipo anauma mtu. Mbwa wengi hupanda ngazi hii hatua kwa hatua, ila sisi hatuisomi. Na usidanganywe na mkia unaotikisika: mbwa mwenye wasiwasi naye hutikisa mkia.

Kwa nini mbabe siye mtu wa kumpa

Wazo la "kumnyoosha" lina historia. Mwaka 1947 Rudolph Schenkel alichapisha uchunguzi wake wa mbwa mwitu waliofungiwa bustanini Uswisi, akawaona wakigombea ukubwa. Watu wakachukua picha hiyo, wakaihamishia kwa mbwa wa nyumbani: eti mbwa anataka kuwa bosi, kwa hiyo umwonyeshe nani bosi. Baadaye David Mech, aliyefuatilia mbwa mwitu walio huru huko Kanada, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la kawaida la porini ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Vita ya ukubwa ilikuwa zaidi ni matokeo ya kuwafungia pamoja wanyama wasio wa familia moja.

Basi ukimpiga mbwa mwoga, hurekebishi kiburi, maana hana. Unamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka 2009, Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya wamiliki 140 wa mbwa wenye matatizo ya tabia. Kati ya waliowahi kumpiga mbwa ngumi au teke kwa kosa lake, asilimia 43 walisema mbwa alijibu kwa ukali. Kati ya waliomlaza chali kwa nguvu na kumbana chini, ilikuwa asilimia 31. Hao ni mbwa waliopelekwa kwa wataalamu, siyo mbwa wote wa duniani, lakini Jeki naye yuko kwenye kundi hilohilo.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana haraka. Mbwa anayepigwa kila anaponguruma anaacha kunguruma. Watu wanafurahi, "ameshika adabu". Kumbe hofu iko palepale, ila king'ora kimekatwa waya. Siku atakapouma hamtasikia chochote kabla.

Kwa hiyo yule mbabe wa kijiji, ambaye anasifika kwa mbwa wake kulala chini akikohoa tu, huenda ndiye mtu wa mwisho wa kumpa Jeki.

Je, hofu inaondoka?

Jibu la ukweli: inapungua, mara chache inaisha, na inategemea ilianza lini.

Mwaka 1961 Freedman, King na Elliot walichapisha jaribio walilofanya Bar Harbor, Marekani. Walilea watoto wa mbwa kwenye uwanja wenye uzio mrefu, bila kugusana na watu. Baadhi walitolewa kwa wiki moja ya kukaa na binadamu wakiwa na wiki 2, wengine 3, 5, 7 au 9. Wachache hawakutolewa mpaka wiki ya 14. Waliokutana na watu kati ya wiki ya 5 na ya 9 walizoea vizuri. Wale wa wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwazoesha ilikuwa kazi ngumu mno. Tangu hapo tunajua kuna dirisha, takriban kati ya wiki ya 3 na ya 12 au 14, ambamo mtoto wa mbwa anajifunza nani ni salama. Dirisha likifungwa, kila kipya kinaanza kama adui.

Fikiria mtoto wa mbwa aliyezaliwa kichakani nyuma ya shamba, akaletwa nyumbani akiwa na miezi minne, akapokelewa kwa mawe ya watoto. Huyo hakuharibika. Hakuwahi kutengenezwa. Ukitaka kijiji chako kiwe na mbwa wachache wanaouma, hapa ndipo pa kuanzia: wacha watoto wa mbwa wa wiki tano, sita, washikwe kwa upole na wakubwa kwa wadogo, mbele ya macho ya mtu mzima.

Kwa mbwa mkubwa kama Jeki bado kuna njia, na ilianzia kwenye maabara ya Mrusi Ivan Pavlov. Kitu kisicho na maana kikitangulia chakula kila mara, mwili wa mbwa unaanza kukipokea kama chakula. Tunaweza kukitumia hicho hicho kwa kitu kinachotisha, mradi kiwe mbali kiasi cha kutotisha sana. Mgeni anaonekana kule njia panda, Jeki anapata usipa mkavu. Mgeni anapotea, usipa unaisha. Rudia siku nyingi, sogeza umbali kidogo kidogo. Ukiona mbwa amekataa hata usipa, umesogea mno. Rudi nyuma.

Kituo cha shirika la ASPCA huko North Carolina, Marekani, kimefanya kazi ya aina hii na mamia ya mbwa waoga kupindukia, na walio wengi walifikia hatua ya kuchukuliwa na familia. Kazi yenyewe huchukua wiki na miezi. Haimalizwi kwa siku moja ya "kumzoesha".

Pima meno kabla ya kutafuta nyumba

Siyo kila mbwa anayeuma atafutiwe nyumba. Daktari wa mifugo Ian Dunbar alitengeneza kipimo chenye ngazi sita, kinachoangalia kidonda na siyo maneno ya aliyeumwa. Ngazi ya kwanza, mbwa anarusha meno bila kugusa ngozi. Ya pili, meno yanagusa lakini hayatoboi. Ya tatu, matundu kati ya moja na manne kutokana na kuuma mara moja, hakuna lililozidi nusu ya urefu wa chonge. Ya nne, angalau tundu moja limezidi nusu hiyo, dalili kwamba mbwa aliuma na kung'ang'ania. Ya tano, kuuma kwa nguvu mara nyingi mfululizo. Ya sita, kifo.

Kipimo hiki kinasaidia kuona kama mbwa bado anajizuia. Mbwa wa ngazi mbili za kwanza, hata akiwa ameuma hewa mara 20, anakuambia kwamba ana uwezo wa kuumiza na hautumii. Huyo ana nafasi nzuri. Ngazi ya tatu inahitaji makini kubwa na nyumba isiyo na watoto. Kuanzia ya nne, kumkabidhi kwa familia nyingine ni kuwahamishia hatari, hata ukiwaambia ukweli wote. Uliza pia: aliuma mara ngapi, nani, wapi, na alitoa onyo gani? Mbwa anayeuma mahali pamoja tu, tuseme akiwa anakula, ni rahisi kumpangia maisha kuliko anayeuma popote.

Na mchunguze maumivu. Sikio lenye usaha, jino bovu, kidonda cha kamba shingoni, mguu uliovunjika zamani ukaunga vibaya: vyote hivi humfanya mbwa aume akiguswa. Wapo mbwa ambao ukali wao uliisha jino lilipong'olewa.

Nyumba ya mzoefu inafananaje

Tukizungumzia kijiji chetu cha mlimani, nyumba ninayoitafuta kwa Jeki inakuwa hivi. Wanaoishi humo ni watu wazima, au vijana wanaoelewa wakiambiwa. Wageni si wengi, wala siyo nyumba ya biashara ya pombe au duka. Kuna uzio, hata wa mianzi au matete, ili mbwa asifungwe mnyororo mchana kutwa. Kuna kona moja ambayo ni ya mbwa na hakuna anayemfuata humo. Ikiwezekana yupo mbwa mwingine mtulivu, mzee kidogo, ambaye hana habari na wageni, maana mbwa husomana wenyewe kwa wenyewe vizuri kuliko wanavyotusoma sisi. Na kuna kazi anayoiweza: shamba, ngedere, nguruwe pori. Mbwa mwoga mwenye kazi anayoijua huwa na saa nyingi za utulivu kwa siku kuliko aliyekaa tu akisubiri kutishwa.

Ila kikubwa ni mwenye nyumba. Usimwulize "unaweza mbwa mkali?" Kila mwanamume atasema anaweza. Muulize maswali haya:

Mbwa wako wa mwisho aliishi miaka mingapi, na alikufa kwa nini? Aliyefuga mbwa mmoja miaka tisa ana uzoefu kuliko aliyepitisha mbwa tisa kwa miaka mitatu.

Mbwa akikungurumia utafanya nini? Jibu zuri ni "nitasimama, nitaondoka, halafu nitajiuliza nilifanya nini". Akisema "nitamwonyesha", mshukuru, umpe chai, umwage.

Wajukuu wanakuja likizo? Watakaa wapi, na mbwa atakuwa wapi? Kama hajawahi kulifikiria, mlifikirie pamoja hapohapo.

Ukisafiri kwenda Songea siku tatu, nani atamlisha? Mbwa mwoga anajenga imani kwa mtu mmoja mmoja, hamkopeshi jirani.

Wakati mwingine utakuta mtu mwenye majibu bora siye uliyemtegemea. Anaweza kuwa bibi anayeishi peke yake, asiye na haraka, asiyepiga kelele, ambaye hata kuku wake hawamkimbii. Uzoefu anaotaka Jeki ni ule: kujua kusubiri, kujua kusoma mwili wa mnyama, na kutokuona aibu kurudi nyuma hatua moja.

Siku za kuhama

Michael Hennessy na wenzake walipima damu ya mbwa walioingia kwenye kituo kimoja Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1997. Homoni ya msongo, kotiso, ilikuwa juu zaidi katika siku tatu za kwanza. Kwa hiyo usimhukumu mbwa kwa siku hizo, na usimwalike mtu yeyote kuja kumwona.

Kabla ya kuhama, mpokeaji aje kwa Jeki mara kadhaa. Asimsogelee. Akae chini ubavu ubavu, asimkazie macho, arushe usipa kando kando, aondoke. Jeki akianza kumtegemea, ndipo ahamishwe, na nguo kuukuu au gunia alilolalia liende naye. Asafirishwe mchana, kwenye kapu au sanduku lenye hewa, asifungwe miguu nyuma ya bodaboda. Akifika, kona yake iwe tayari. Chakula na maji vije kwa saa zilezile. Mkono usipite juu ya kichwa chake. Azoeshwe polepole kuvaa kifuniko cha mdomo kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, kwa kuanza na chakula ndani yake, ili siku ya chanjo pasiwe na vita.

Kwa wiki za kwanza kipimo cha mafanikio ni kidogo: amekula, amelala, hajauma. Kuguswa kutakuja akitaka yeye.

Usifiche, usitupe

Sasa tumrudie yule aliyeshauri mbwa akatupwe ng'ambo ya mto. Mbwa mwoga asiyejulikana alikotoka, kwenye kijiji kisichomjua, ni mtoto mwingine kuumwa, na safari hii hakuna anayejua kama mbwa alichanjwa.

Tena kuhamisha mbwa ovyo ndiko kunakosafirisha kichaa. Kisiwa cha Flores, Indonesia, hakikuwa na ugonjwa huu hadi mwaka 1997, mbwa watatu walipoletwa kwa mashua kutoka kisiwa kingine. Yaliyofuata ni mamia ya maelfu ya mbwa kuuawa, na ugonjwa haukuondoka. Sisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, wenye mitumbwi na meli zinazogusa bandari baada ya bandari, tunapaswa kulielewa hilo haraka. Kinyume chake ni Pemba, ambako kampeni za kuchanja mbwa ziliumaliza ugonjwa mwaka 2018. Lengo linalopendekezwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Kwa hiyo Jeki akienda kwa mtu, aende na karatasi. Iandikwe tarehe ya chanjo, ameuma mara ngapi, nani, katika hali gani, kidonda kilikuwaje, anaogopa nini, anatuliaje. Isaini, mpokeaji asaini, na mwenyekiti wa kitongoji ajue. Tunao msemo: ukitaka kumuua mbwa, mpe jina baya. Ni kweli, lakini kumpa jina zuri la uongo, "huyu ni mpole kabisa", kunamuua vilevile. Atauma, mwenyeji atashtuka, na marungu yatatoka.

Kama nyumba haipatikani

Mara nyingi haitapatikana. Basi jambo la kwanza ni kujiuliza kama Jeki anaweza kubaki alipo, na mazingira ndiyo yabadilike: mnyororo uwe uzio, sahani ihamishwe nyuma ya nyumba, watoto wakatazwe kumfuata ghalani. Hapo jirani anayebaki anakuwa mlezi, na nusu ya kuuma inaweza kuisha bila mbwa kujifunza lolote jipya.

Jambo la pili ni gumu. Mbwa anayeuma kwa kina, asiyetoa onyo, ambaye hakuna mtu mzima wa kumsimamia, anaweza kuhitaji kufa. Tukifika hapo, afe kwa mkono wa daktari wa mifugo, bila kuteswa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na sumu kwenye nyama ni mateso, mbali na kwamba kuku, paka na hata mtoto wanaweza kuiokota.

Lakini mbwa wengi waoga hawako huko. Wako ngazi ya kwanza na ya pili, wakikwambia kwa mwili mzima kwamba wanataka nafasi. Kabla hujaamua lolote juu ya mbwa wa namna hiyo, chukua kiti, kaa mbali naye nusu saa, na uandike ni kwa umbali gani anaacha kukutazama na kulala. Huo ndio umbali wa kuanzia kazi, na mtu anayeweza kuuheshimu kila siku ndiye wa kumkabidhi.